Mama Rivasi na Gari la Kwenye Skrini

Kaka yangu,

Pokea salamu kutoka nyumbani, na kabla sijaenda mbali nikuulize hali. Kifua kinaendeleaje? Kwenye kadi ya mwaka juzi uliandika kwamba baridi ya huko inakubana. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba anatembea, anakula na kulalamika, kwa hiyo ujue hana neno. Mama naye mzima, na ndiye aliyenikalisha chini niandike. Mume wangu anakusalimu. Ameniachia meza yote na kuniambia nisiinuke mpaka nimalize, kwa kuwa hii ni mara ya tatu naanza, na karatasi za mara mbili za kwanza ziliishia kwenye pipa.

Unanijua. Nina miaka ishirini na mbili gazetini. Nimeandika habari za majengo yaliyoporomoka, nikahesabu waliotolewa chini ya kifusi, kisha nikarudi nyumbani nikala na kulala. Wenzangu ofisini wananiita Friji. Basi safari hii nimeshtuka. Nitakupa mambo kwa mpangilio yalivyotokea, na nakuomba usiruke mbele. Ningekupigia simu, lakini namba yako sina, na kwa hilo sikulaumu.

Ilianza kama kazi. Mhariri aliniita Jumatatu ya wiki iliyopita akasema kuna ukumbi umefunguliwa juu ya duka la samani, na watu wazima na akili zao wanakwenda kuendesha magari ya gemu. Nikamwambia hayo yapo siku zote. Akasema hapana, haya si ya kushindana wala kukimbizwa na polisi. Mtu anaingia mjini, anasimama taa nyekundu, anatoa indiketa, anavumilia foleni, anazunguka kutafuta pa kuegesha. Akipata, anaegesha, na hapo ndipo raha yenyewe ilipo. Alitaka ukurasa mmoja wa kuchekesha kwa toleo la Jumapili.

Nilikwenda Jumanne baada ya chakula cha mchana. Unapanda ngazi ishirini na mbili nyuma ya duka, unasukuma mlango uliogongomewa zulia kuzuia kelele, unaingia kwenye chumba kirefu chenye mapazia mazito. Kuna viti sita vilivyong'olewa kwenye magari yaliyokufa na kufungwa kwa bolti juu ya fremu za chuma. Kila kiti kina usukani, pedali tatu, mkono wa gia, breki ya mkono, na skrini tatu zinazokuzunguka kama vioo vya gari. Chini ya kiti kuna mota ndogo inayokutetemesha kama injini iliyowashwa, na ukizima gari, inatulia. Kelele kubwa humo ndani ni ya indiketa, tik-tak, tik-tak, viti sita kwa pamoja na kila kimoja na mwendo wake.

Mwenye ukumbi alikuwa mwalimu wa udereva kabla shule yake haijafungwa. Wanamwita Nusu Klachi, kwa sababu anapita nyuma ya viti, mikono mgongoni, akinong'ona "nusu klachi, nusu klachi" kama mtu anayeombea wagonjwa. Alinieleza kwa majivuno kwamba gemu lake halibembelezi mtu. Gari lina uzito wake. Tairi likiisha meno, mvua ikinyesha, utateleza. Unaweza kuchagua gari jipya, gari la kawaida au gari chakavu, na alichokionea fahari zaidi ni hilo chakavu, kwa kuwa, alisema, mtu yeyote anaweza kutengeneza gemu la gari zima, ila kulitengeneza gari bovu likawa bovu kwa namna inayotakiwa, hiyo ni kazi.

Niliwauliza wateja wanafuata nini pale. Fundi cherehani mmoja aliniambia anajua hatakuwa na gari maisha yake yote, hesabu hiyo ameshaifunga, lakini pale anakaa, anatoa indiketa, na magari ya nyuma yanamsubiri aingie. Akaniuliza mimi ni lini mara ya mwisho watu walinisubiri. Dereva wa basi mstaafu alisema macho yake yamekataliwa barabarani, ila pale akikosea hakuna anayezikwa. Karani wa benki ndiye aliyenichekesha. Ana gari lake, kila jioni anakaa kwenye foleni saa mbili, na kabla ya foleni hiyo anapita pale kukaa kwenye foleni nyingine. Nilipomuuliza kama ana akili timamu, alisema ile ya skrini ina kitufe cha kuizima.

Nikajaribu mwenyewe. Ndani ya dakika nne nilikuwa nimegonga pipa la taka, bampa ya teksi na askari wa barabarani. Nusu Klachi akaniuliza kama gari nimeliiba. Lakini mara ya sita gari liliingia kati ya mawili mengine, magurudumu yamenyooka, shubiri moja kutoka ukingo wa barabara. Nikazima injini, kiti kikatulia, na shingo yangu ikalegea kama niliyepakwa dawa. Hapo nikawaelewa. Siku nzima mtu anasukumwa huku na huku, kisha anapata kitu kimoja ambacho kina mahali pake, na amekiweka mahali pake mwenyewe.

Nikauliza bingwa wao ni nani. Walijibu kwa mkupuo: Mama Rivasi. Wakanionyesha kiti namba nne. Niliona kisogo cha mwanamke, kitambaa kimekazwa kichwani, viatu vimevuliwa na kupangwa pembeni, mto mdogo mgongoni. Alikuwa anaingiza gari refu kinyumenyume kati ya lori na pikipiki, huku akimtukana dereva wa lori kwa maneno ambayo sitayaandika. Kwanza niliutambua mto. Ni ule wa kochi la sebuleni kwetu, wenye vifungo vya kahawia. Kisha nikaitambua sauti.

Kaka, nilisimama pale kama mlingoti. Mama yetu, ambaye ukimpa simu mpya anakurudishia umpigie wewe, alikuwa anacheza na klachi, breki na usukani kama anayepiga kinanda. Aligeuka, akaniona, wala hakubabaika. Aliniambia ningoje kidogo, anaegesha.

Nyumbani alikuwa amesema anakwenda kukandwa mgongo kila Jumanne na Alhamisi. Miezi minne. Baba alikuwa anamsifia mkandaji kwamba anajua kazi, maana mgongo umepona kweli. Tulipotoka nje aliniambia amemwomba Baba amfundishe tangu wangali vijana, na Baba, aliyekagua breki na taa za magari ya mji mzima kwa miaka thelathini, alikuwa na jibu moja: akirudi nyumbani anataka mke, hataki mwanafunzi. Wewe alikufundisha, mimi nilijifunza kwa gari la ofisi, yeye akabaki kiti cha abiria akishika mikoba. Alisema hataki makubwa. Anataka kabla ya kufa aliweke gari mahali pake kwa mkono wake. Nikamwahidi sitamwambia mtu.

Kama ingeishia hapo, ningeandika ukurasa wangu wa kuchekesha, nawe usingepata barua hii.

Alhamisi nilirudi kumalizia mahojiano. Nusu Klachi alinivuta pembeni akaniambia jambo lililomshangaza. Miezi yote minne Mama amechagua mji wa tambarare na gari jipya. Siku hiyo alikuja ameomba mji wa vilima na gari chakavu, hasa breki ya mkono. Niliandika kwenye daftari bila kulifikiria.

Mama alipanda barabara yenye mwinuko mkali, akaegesha ukingoni, pua ya gari ikitazama juu. Akavuta breki ya mkono. Akazima injini na kuacha gia namba moja. Skrini ikamwandikia hongera, fundi cherehani akapiga makofi. Kisha akafanya kitu nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe. Aliurudisha mkono kwenye gia, akaipitisha polepole moja, mbili, tatu, nne, akaiacha katikati. Akatoa miguu kwenye pedali. Akaweka mikono mapajani. Nusu Klachi alimwambia, mama, umeshaegesha, shuka. Akajibu kwamba anajua, amwache.

Kwa mazoea ya kazi nilitazama saa. Zilipita sekunde arobaini hivi. Halafu nyumba za kwenye skrini zikaanza kusogea mbele. Hakukuwa na mlio wa injini wala mtetemo. Gari lilikuwa linarudi nyuma taratibu, kisha kwa kasi, na chini kabisa, kwenye kioo cha nyuma, alikuwepo mtu kwenye kituo cha basi, amesimama, ametupa mgongo. Gari likamgonga, skrini ikageuka kijivu.

Ukumbi mzima ulicheka. Karani wa benki alisema leo Mama Rivasi amepiga rivasi bila kuwa na habari. Mama hakucheka. Alimuuliza Nusu Klachi kwa nini limeondoka na breki ameivuta. Akaelezwa kwamba breki ikichakaa inashika kwa muda, halafu inaachia yenyewe, ndiyo maana kwenye mlima unaacha gia imeingia, ili breki ikishindwa, gia ilizuie gari. Mama akauliza: hata injini ikiwa imezimwa? Akajibiwa hata ikiwa imezimwa. Akauliza tena: hata kama gari limekufa kabisa, ufunguo hauko? Akajibiwa hata hivyo. Akauliza mara ya tatu, na Nusu Klachi akaacha kutabasamu.

Mama aliniambia nimtoe pale. Viatu nilimbebea mimi. Hakufika mbali, alikaa kwenye kochi la kwanza lililokuwa dukani chini, bado limefungwa nailoni, nayo ikawa inalia kila akivuta pumzi. Muuzaji alitusogelea na orodha yake ya rangi, akamtazama Mama usoni, akarudi alikotoka.

Siku ile unaijua kuliko mimi, lakini nairudia jinsi ninavyoikumbuka, ili tusije tukapishana. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumapili, saa kumi na nusu jioni, ulirudi na gari la Baba. Ukaliegesha uani, pua ikitazama nyumba na mgongo ukitazama geti kule chini. Ukavuta breki ya mkono, ukaingia kuoga. Baadaye Baba akateremka getini kutia mafuta bawaba. Robo saa tangu uingie, gari lilishuka lenyewe na kumbana kwenye nguzo. Mguu ulivunjika mahali pawili, nyonga ikaachia. Mimi ndiye niliyefika kwanza kwenye lile gari. Hospitali Baba aliniuliza nimeona nini, nikamjibu: breki ya mkono imevutwa, gia iko nyutro. Wewe ukaapa kwamba uliiacha gia namba moja, kama alivyotufundisha yeye mwenyewe. Baba akasema gari si mbuzi, halijifungui. Akasema anaweza kumsamehe mtoto aliyemvunja mguu, lakini si mtoto anayemdanganya mchana kweupe akiwa kitandani. Wiki tatu baadaye uliondoka.

Sasa sikiliza alichoniambia Mama juu ya nailoni ile. Ulipoingia kuoga, yeye alikwenda kwenye gari kuchukua mwavuli wake. Mlango ulikuwa wazi, ua mtupu, Baba hajateremka bado. Akakaa kiti cha dereva. Dakika tano, alisema, labda sita. Akashika usukani. Akakanyaga pedali kama alivyomwona Baba anakanyaga. Akaipitisha gia kote inakokwenda, halafu akaiacha pale katikati, kwa sababu palionekana ndipo pa kuiachia, kama mtu anayerudisha kijiko bakulini. Breki ya mkono hakuigusa. Akashuka, akafunga mlango taratibu asisikike, akaingia ndani kukunja nguo. Alikuwa anakunja shuka ya pili aliposikia kishindo.

Nilimuuliza, na nilimuuliza kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka, kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba hakujua kuna cha kusema. Kwake gari lililozimwa lilikuwa kama taa wakati umeme umekatika. Bonyeza swichi utakavyo, hakuna kitu. Neno nyutro alilisikia likirushwa pale kitandani kati yako na Baba, akadhani ni chombo fulani cha chini ya gari ambacho wewe hukukifunga. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyutro ni ule mkao wa katikati. Alimuuliza Baba mara moja, hospitali, kama mtu akichezea gari lililozimwa anaweza kuharibu kitu. Baba, mguu ukiwa umening'inizwa, alimwambia mambo ya magari ayaache kwa wanaoyajua.

Mwezi wa pili pale ukumbini ndipo Nusu Klachi alipomshika mkono, akauweka kwenye gia na kumwambia, hapa katikati, mama, ndipo tunapopaita nyutro. Mama alisema hapo ndipo alipolikumbuka lile neno la hospitali. Akauliza kama gari likiachwa hivyo linaweza kwenda lenyewe. Nusu Klachi akamwambia kwenye tambarare na breki nzima, wasiwasi wa nini. Akaning'inia kwenye jibu hilo miezi miwili, akiegesha vizuri kuliko wote, kila siku kwenye tambarare. Alhamisi akaomba mlima.

Sisi tulidhani anacheza, kumbe mwenzetu anapima. Kazi aliyoifanya Mama kwenye kiti kile, kulirudisha tukio hatua kwa hatua na kulitazama bila kufumba macho, ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya, na mimi sikuifanya.

Jumamosi asubuhi alimwambia Baba. Aliniomba niwepo. Tulikuwa mezani, chai haijamiminwa. Alisema amesimama, sentensi tano au sita, hakulia wala hakujitetea. Baba alimuuliza kama aliigusa breki. Akasema hapana. Akamwambia amwonyeshe gia alivyozipitisha, na Mama akaonyesha kwa kijiko juu ya kitambaa cha meza. Baba alikifuata kile kijiko kwa macho. Kisha alinigeukia na kuniuliza swali ambalo nitalirudia mwisho, kwa sababu linanihusu mimi. Halafu akaomba fimbo yake na kusema apelekwe huko kwenye gemu, sote watatu.

Zile ngazi ishirini na mbili alizipanda kwa vituo vitatu na hakukubali kushikwa. Nusu Klachi alimtambua pale pale. Baba aliwahi kuyazuia magari mawili ya shule yake kwa sababu ya breki. Alimwamkia kama mshtakiwa anavyomwamkia hakimu, akamuuliza kama mzee amekuja kumkagua tena hata huku. Baba akamjibu kwamba anataka mlima, gari chakavu, na kimya.

Alikaa kiti namba nne. Kwanza aliegesha juu ya mwinuko, akavuta breki, akaacha gia namba moja, akazima. Tulingoja dakika mbili kwa saa yangu. Gari halikusogea. Akatoa gia, akaiweka nyutro. Likashuka na kumgonga yule mtu wa kituoni. Akaanza upya. Akarudia mara nne, na mara zote nne gia ikiwemo lilikaa, gia ikitoka lilikwenda, na yule mtu aligongwa akiwa ametupa mgongo. Nusu Klachi, kwa huruma, alisema anaweza kuwaondoa waenda kwa miguu wote mjini. Baba akamwambia amwache pale pale aliposimama.

Halafu akauliza ile breki imewekwa imechakaa kiasi gani. Nusu Klachi akamwambia nusu. Baba akasema ya kwetu ilikuwa imechakaa zaidi.

Sikumwelewa mara moja. Nilimuuliza amejuaje, kwa sababu gari lile liliuzwa kama chuma chakavu mwezi ule ule, na hakuna aliyelikagua. Alijibu akiwa anatazama skrini. Alisema fundi alimwambia majuma mawili kabla kwamba waya wa breki ya mkono umekwisha, naye akasema ataushughulikia. Mwezi huo huo alikuwa ameyatoa barabarani magari arobaini kwa kosa hilo hilo. Aliyasema haya kwa sauti ile aliyokuwa akiisomea namba za magari. Mama alikuwa amegeukia pazia. Fundi cherehani na karani walikuwa wamezima magari yao, na humo ndani hamkuwa na indiketa hata moja iliyolia.

Sasa lile swali la mezani. Baba aliniuliza: wewe ndiye uliyetazama ndani ya gari siku ile, kiti cha dereva kilikuwa wapi?

Nilimjibu: mbele kabisa, kimekaribia usukani.

Kaka, wewe ukikaa kwenye gari lile magoti yaligusa dashibodi hata kiti kikiwa kimerudishwa mpaka mwisho. Baba mrefu, mimi mrefu. Nyumbani kwetu mfupi alikuwa mmoja. Nilipofungua ule mlango niliona mambo matatu. Niliona breki, niliona gia, niliona kiti. Hesabu niliifanya pale pale, Baba akiwa bado anapiga kelele kwenye nguzo. Nilijua kwamba baada yako kuna mtu aliyekaa pale, na nilijua ni nani. Nilichokuwa sijui ni kile alichokifanya, na ili nisikijue, sikuuliza. Nikaripoti mawili. La tatu nikalimeza.

Nilijiambia Baba yuko chumba cha upasuaji, si wakati wa kumuuliza Mama maswali. Kesho yake pia haukuwa wakati. Ulipofunga mabegi nilikusindikiza mpaka kituoni, nikakununulia chupa ya maji, nikakupungia mkono, na kiti kile kilikuwa kichwani mwangu muda wote. Sikusema uongo hata neno moja. Ukikaa miaka mingi katika kazi yangu unajua kwamba hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumwangamiza mtu. Mama hakujua uzito wa alichokifanya. Baba alijua habari ya breki, ila aliamini kabisa kwamba gia uliitoa wewe. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na kitu cha kukutoa hatiani, na nilikaa nacho miaka kumi na mmoja.

Baba aliponisikia mezani hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akaniuliza kama kazini huwa nafanya hivyo pia. Wewe sikutarajii unipe jibu lolote. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa urefu upendao. Ukitaka kukaa kimya, unayo haki. Nilitaka tu jambo hili ulipate kutoka kwangu, kwa mwandiko wangu, lisije likakufikia kwa mtu mwingine. Ule ukurasa wa kuchekesha nimemrudishia mhariri.

Jumatatu hii jioni, hapa nyumbani, Baba alimuuliza Mama kama kesho anakwenda kukandwa mgongo. Mama akasema ndiyo. Baba akasema basi avae viatu visivyo na kisigino, na asikae na mguu juu ya klachi, maana Nusu Klachi amemwambia kwamba anafanya hivyo. Hayo ndiyo mazungumzo yote.

Simu ya nyumbani namba ni ile ile. Baba ameihamisha kutoka mlangoni na kuiweka karibu na kiti chake, waya umepita katikati ya chumba na sote tunajikwaa juu yake. Hajasema anangoja nini. Ukipiga, atapokea yeye. Usitegemee akuambie samahani, neno hilo halimo mdomoni mwake na sidhani kama litapatikana katika umri huu. Atakohoa, kisha atakuuliza unaendesha gari gani huko. Nimesikia kwa mtu aliyepita mji wako kwamba tangu uondoke hapa hujagusa usukani, na kazini unakwenda kwa miguu, hata wakati wa baridi. Yeye sijamwambia. Akikuuliza, mwambie.

Mpe shemeji salamu zangu, wanao wape busu la shangazi wasiyemjua sura. Mama anakusalimu kuliko sisi sote, amesimama nyuma yangu na hataki nimwandikie zaidi ya hapo, anasema yake atayasema kwa mdomo wake. Linda kifua.

Mimi, mdogo wako.